Herufi Alizozijua Mama

Malindi, Unguja
Aprili 1966

Mume wangu Khelef,

Assalaam alaikum. Mimi mzima. Mvua imevuja chumbani, nimehamisha kitanda.

Mama yako alikuandikia kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizozijua. Askari wa jela alinirudishia barua: "Hizi hatuzisomi. Leta za kizungu."

Nilitaka kumwandikia mimi. Akakataa: "Maneno yangu na mwanangu hayapiti kwa mkwe." Akaanza kujifunza. Jina lako lilimuudhi: "Herufi mbili kwa sauti moja ya kha?"

Homa ikamkamata hajafika mbali. Tumemzika Ijumaa. Kabla ya kukata roho aliniambia, "Mwambie Khelef radhi zangu anazo."

Sijui kama hata hii watakupa.

Mkeo,
Hamda