Saa Moja Tu, Baba

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumai u mzima, pamoja na shemeji na watoto. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, isipokuwa mgongo, nao umekuwa ukinung'unika tangu nianze kupakia mizigo ya watu hapa uwanja wa ndege, kwa hiyo si habari.

Ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi. Umesema daktari amemruhusu baba arudi nyumbani kwa kuwa hospitali haina tena la kumfanyia. Umesema pia kwamba kila jioni anataka avalishwe shati jeupe, aketishwe sebuleni macho mlangoni, na akiulizwa anamngoja nani, anajibu kuwa nilimwambia nafika saa moja. Ukaniuliza kwa nini namdanganya mgonjwa.

Dada, sikumdanganya. Siku ile kwenye simu aliniuliza kutoka uwanja wetu hadi wenu kuna umbali gani, nikamjibu kuwa ni saa moja tu. Mimi nilitaja urefu wa safari, yeye akashika saa ya kufika. Lugha yetu nayo! Saa ni ile ile, iwe ya kupimia safari au ya kutazama ukutani.

Na umbali ni huo kweli. Ndege ya kwenu ya asubuhi, mlango wake wa mizigo naufunga mimi. Nikishanawa, nikanywa chai na kubishana kidogo na msimamizi wetu, imeshatua huko. Masanduku niliyoyabeba kwa mikono hii yanafika kwenu kila siku, mimi sifiki.

Sasa nikwambie, maana mficha uchi hazai, na kwenye simu haya yasingenitoka. Naogopa ndege. Nilipewa tiketi ya wafanyakazi, nikapanda, nikafunga mkanda, na mlango ulipotaka kufungwa nikaomba kushuka. Wenzangu ikabidi wafukue mizigo yote kutafuta begi langu, abiria wakinikodolea macho. Wiki iliyopita nikajaribu tena, yakawa yale yale. Siku hizi hapa kazini naitwa Bwana Shuka. Wakiniona na begi wananiuliza kama waliweke juu juu, wasije wakasumbuka. Nacheka nao, lakini nikirudi chumbani nalia. Baba huwaambia majirani kwamba mwanawe ni mtu wa ndege, nami nikaona afadhali nichelewe kuliko kushuka stendi ya basi machoni pao. Ulikuwa ujinga mtupu. Hilo shati jeupe limenitoa ujinga.

Barua hii anakuletea mhudumu wa ndege, dada mmoja mrefu ambaye nimempa namba yako ya simu. Utakuwa nayo mkononi hata basi langu halijatoka stendi. Mimi nitakuja nyuma yake nikihesabu mashimo ya barabara, leo mchana kutwa, usiku kucha, na kesho tena. Dereva amenihakikishia kwamba Mungu akipenda tutaingia huko kesho jua likizama.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie mjomba haji na zawadi, anakuja na mgongo. Kesho jioni mvalishe baba shati lake, umketishe pale pale. Mwambie hakusikia vibaya. Ni saa moja.

Ndimi mdogo wako,
Bwana Shuka