Nyama Aliyoifunga Mama Hoza

Songea, Jumapili ya kwanza ya Juni, mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke kijijini kwetu Gare.

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti la bibi yako limepata nafuu, sasa anagombana na kuku. Wewe unayesoma sheria unauliza kama rufaa ya kaka yangu Stefano ilikuwa ya haki.

Stefano aligombea zamu ya maji ya mfereji na kijana wa jirani, Hoza. Alimsukuma, Hoza akaangukia jiwe, akafa. Kwa kuua bila kukusudia, Stefano alifungwa miaka ishirini. Tulikata rufaa kwamba adhabu imezidi kiasi. Mimi niliapa kwa maandishi kwamba koo zetu zimepatana na wote wamekula mbuzi wa suluhu.

Lakini nilimwona mama yake Hoza akifunga nyama yake katika jani la mgomba.

"Kula, mama," nilimwambia.

"Hii ya Hoza, mwanangu. Yeye hajala."

Kwetu asiyemla mbuzi huyo hajasamehe. Nililijua hilo, nikatia saini.

Stefano alipunguziwa, ikawa miaka sita. Alipotoka, mama yule aliniuliza kwa upole, "Uliniona nikila?" Wiki ile nikahamia huku Songea.

Adhabu ilikuwa kubwa mno kweli, na kiapo changu kilikuwa cha uongo. Hadi leo sijui kaka yangu alitolewa na lipi kati ya hayo mawili.

Baba yako anasema sasa nirudi Gare, maana mama yule alizikwa mwezi uliopita. Lakini jibu la swali lake nililokuwa nalo lilikuwa lake tu, na sasa hakuna wa kumpa. Sitarudi.

Babu yako