Jeshi Nililolishonea Nguo

Salamabila

Baba yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na macho bado yanaona tundu la sindano bila kumwita mtu. Mama je, kile kifua kimepona? Mvua imefika huko? Hapa inanyesha hata jua likiwaka, na matope yamepanda mpaka kwenye kanyagio la cherehani yangu. Mimi ni mzima, nakula, nasali, nashona.

Kaka yangu, Yaya Sefu, alinipigia simu akaniambia uliyoyasikia sokoni Kasongo, kwamba binti yako anashonea jeshi. Nikamwomba akupe simu, ukakataa kuishika. Akasema neno lako ni moja tu: nifunge cherehani, nirudi nyumbani. Siku hiyo sikushona tena. Niliumia, Baba, kwa sababu uliamini maneno ya muuza chumvi kabla ya kuniuliza mimi. Ndiyo maana naandika. Barua haikatiki katikati kama simu, na dereva wa pikipiki anayeileta nimemwambia asiondoke mpaka umeifungua.

Yule muuza chumvi hakusema uongo. Nimeshonea jeshi, tena jeshi zima, kuanzia jenerali. Ila nisikilize nikuambie ni jeshi la nchi gani.

Mvua ilipoanza, mashimo ya dhahabu yalijaa maji. Wachimbaji wakakaa bila kazi, Walega na Wabangubangu, Wabembe na watu wa Kivu, Waislamu na Wakristo, wote chini ya turubai moja wakisubiri mashine ya kuvuta maji. Katika kukaa huko wakaanzisha nchi. Wakaiita Pumuzika, maana ndiyo kazi waliyokuwa nayo. Wakachagua rais, wakamwondoa baada ya chakula, wakachagua mwingine. Kisha wakasema nchi isiyo na jeshi itachekwa, ndipo wakaja kwangu. Aliyetangulia ni Bahati, mchimbaji mrefu kutoka Shabunda. Yeye ndiye jenerali.

"Mama fundi, tunaomba utushonee manguo ya jeshi."

"Njia ni ile mulikuya nayo," nikamjibu.

Baba, nilikataa kwa sababu nilikukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wale watu walivyokuketisha kwenye cherehani, bunduki imelala mezani karibu na chaki yako, ukawashonea. Nakumbuka na wale wa upande mwingine walivyokuja baadaye kukupiga kwa sababu uliwashonea wa kwanza. Kidole gumba chako hakikunjiki vizuri mpaka leo. Ulipopata nafuu ulisema nyumbani kwako hakuna mkono utakaoshona tena nguo ya mtu wa bunduki. Neno hilo nilikuja nalo huku pamoja na mkasi ulionipa.

Nikawaeleza hivyo. Bahati hakukasirika.

"Sisi hatuna bunduki, Mama. Jeshi yetu iko ya kubeba. Mutu akigonjwa, tunabeba. Pikipiki ikikwama mu matope, tunaivuta inje. Ni ile tu."

"Sasa manguo ni ya nini?"

"Watu wakituona vile tunatoka mu mashimo, na matope mwili yote, wanakimbia. Wanazani tunakuya kuwanyanganya. Mama mumoja alitupa mutungi ya maji akakimbia, na sisi tulitaka tu kumusaidia."

Baba, hata mimi nimewahi kuwakimbia.

Nikakubali kwa sharti moja: kitambaa nachagua mimi. Nilizunguka soko zima. Kijani hapana, kaki hapana, madoadoa hapana, nyeusi hapana. Kila rangi niliyoshika, kuna mtu aliwahi kuivaa akatufanya tulale msituni. Mwishoni nikapata kikwembe cha manjano chenye majogoo wekundu, kile ambacho ukoo mzima hununua ili wavae sawa siku ya arusi. Wanaume wazima walinung'unika, Baba, ungecheka. Nikawaambia mtu mwenye jogoo kifuani na jogoo mgongoni hawezi kumtisha hata mtoto, nami ndivyo ninavyotaka. Mabega nimeyakata kama ulivyonifundisha, yenye nafasi, kwa mtu atakayebeba.

Walipokuja kupimwa walijipanga mstari mbele ya mlango wangu, Bahati akiwaita kwa vyeo. Ni saa hiyohiyo muuza chumvi alipopita na baiskeli yake. Alisikia jenerali, hakungoja kuona jogoo.

Siku ya soko wakafanya maandamano yao ya kwanza. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, na wao wakatembea vifua mbele kama hawasikii. Walipofika kwenye magunia ya muhogo, jirani yangu Mama Riziki, yule muuza majani ya sombe niliyekuambia habari zake, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akasema afikishwe kituo cha afya, na kilima kilikuwa utelezi mtupu. Pikipiki ya kwanza ikaanguka hata kabla ya kumpakia.

Kicheko kikakatika. Jeshi la Pumuzika likakata miti miwili, likachukua kiti changu cha kushonea, wakakifunga juu yake kikawa tipoyi ya kubebwa mabegani, wakampandisha Mama Riziki. Mimi nilishika mkono wake. Walipanda kile kilima wakikanyaga pamoja, wakiimba chini chini ili wasikosane hatua, na kiti hakikutikisika. Aliyechoka bega alibadilishwa na mwenzake bila kusimama.

Juu ya kilima kuna barieri ya kuzuia njia. Mtu wa barieri akasimama na silaha yake, akatazama majogoo, akatazama tena.

"Muko jeshi ya wapi?"

"Ya Inchi ya Pumuzika, chefu," Bahati akasema, jasho linamtoka puani.

"Na munafanya kazi gani?"

"Kubeba."

Yule mtu akamwona Mama Riziki. Akainua mti wa barieri mwenyewe, bila kuomba kitu, akavua kofia yake akaishika kifuani tulipokuwa tukipita. Bahati naye akainua mkono kichwani ili ajibu heshima, akakuta nywele tu. Nilimwona anaona aibu.

Mtoto ni wa kike, na mama yake anaendelea vizuri. Mtoto nilimviringisha katika kipande cha kikwembe kilichobaki. Wachimbaji wanasema wao wote ni wahamiaji, yeye tu ndiye aliyezaliwa Pumuzika. Siku hizi wakipita, akina mama hawatupi mitungi, wanawapa waibebe. Baba, najivuna, na nataka ujue kwamba najivuna kwa kazi ya mkono ulioufundisha wewe. Neno lako sikulivunja.

Msalimie sana Mama, na umwambie dawa ya kifua ainywe yote. Msalimie Bibi mzaa Mama, Yaya Sefu na mke wake, mama mdogo wa kule Lusangi akifika sokoni, na mwalimu wangu wa madrasa. Muuza chumvi naye msalimie, mwambie karibu tena, safari hii ashuke kwenye baiskeli.

Limebaki moja. Jenerali ameniomba kofia nikakataa, kwa sababu mimi nashona nguo tu. Kofia ya kutarizi, inayovuliwa mbele ya watu, inashonwa na mtu mmoja ninayemjua. Ndani ya barua utakuta uzi. Nimempima nao kichwa, fundo ni pale ncha zinapokutana. Uzi ukirudi peke yake nitaelewa, nitafunga cherehani na kuja kama ulivyoamuru. Ukirudi ndani ya kofia, nitajua umenisikia.

Kichwa chake ni kikubwa, Baba. Usikipunguze.

Binti yako,
Mwamini