Tao la Kilo Kumi na Tisa

Pretoria
3 Machi 2024

Baba Mkubwa Elikana,

Shikamoo. Mwakeye, mmeamkaje? Natumaini goti limepoa, na Mama Mkubwa Rahabu anameza dawa zake za presha bila kuzificha chini ya godoro. Huku tu wazima. Mume wangu anakusalimu na bado anadai ugali wako wa muhogo aliula kwa heshima tu.

Nimemwona Nehemia.

Ndiye yuleyule aliyekuwa na gereji Kigoma pamoja na baba, wakaunda kile kigari cha mabomba walichokiita Dagaa. Nilipeleka tairi za kampuni yetu kwenye uwanja wa mbio nje ya mji, pale watu wa kawaida wanapokuja siku moja moja kuendesha magari yao kwa kasi wanayotaka. Nehemia ni mwalimu wao. Pia anawatengenezea vigari vyepesi vya viti viwili, visivyo na paa. Ana kofia nyekundu na wanamwita Profesa. Nilimsikia akiwaambia kwamba zamani, Afrika Mashariki, aliunda gari la kilo mia nne na themanini kwa mikono yake. Mikono yake! Baba hakutajwa hata mara moja.

Hakunitambua. Alipoondoka Kigoma nilikuwa na miaka minane, na huku natumia jina la mume wangu. Nimemwambia natoka Mwanza.

Akiba ninayo. Nataka gari kama hilo, nijifunze, nimpite mbele ya wanafunzi wake wote. Wewe ulifundisha ufundi miaka thelathini. Nielekeze cha kuweka na cha kutoa.

Mwanao,
Angela


Rusimbi, Ujiji
17 Machi 2024

Mwanangu Angela,

Marahaba. Goti linapanda na kushuka kama ziwa, na ziwa lenyewe mwaka huu limepanda tu. Maji yamewafikia mlangoni wauza dagaa wa Kibirizi. Mama yako mkubwa anameza dawa mbele yangu, kwa hasira. Naandika kwa kalamu kisha napiga picha kurasa, maana nikiandika kwenye simu inaweka maneno yake.

Kumpita ni jambo dogo. Mtu akipitwa anasema tairi zilikuwa mbovu, jioni anakula vizuri. Sitaki Nehemia apitwe. Nataka aseme.

Ulikuwa mdogo, basi nikueleze kwa utaratibu. Agosti 1999, kule Simbo, Dagaa lilipinduka baba yako, Ndizeye, akiendesha. Gari lisilo na paa huwa na tao: bomba nene la chuma lililopindwa kupita juu ya vichwa, ili gari likilala chali chuma kibebe uzito badala ya shingo. Tao la Dagaa lililala kama bua la mhindi. Ndizeye hakutembea tena. Nehemia alimmwagia gongo kwenye majeraha, ati dawa, na watu walipokuja akasema Ndizeye alikuwa amelewa, na hata tao alilichomelea akiwa amelewa. Shati lilinuka. Baba yako, ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya ndizi, alirudia neno moja: "Lilikuwa kilo kumi na tisa. Nililipima." Kila kipande cha gari lile alikipima kwa mizani ya dagaa, ile ya kuning'iniza, akaandika uzito wake juu ya chuma kwa ncha ya msumari.

Kanisa lilimtenga. Miezi kumi na minne alibebwa hadi benchi la nyuma, haimbi, hashiriki Meza ya Bwana. Akafa hivyo, akazikwa bila kwaya aliyoiongoza mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mtu mpenda sifa humfungui mdomo kwa nyundo. Unampa nafasi ya kufundisha. Agiza gari kwake. Orodha ya vitu vya kuchagua itakuwa ndefu. Ipitie naye kimoja kimoja, na kila kimoja umuulize: hiki nacho nikitoe? Wepesi ni jambo la kweli, usidhani nakutania. Mtumbwi wa Ilagala ulioshiba mihogo ukiugeuza unakataa, unaendelea kwenda ulikokuwa ukienda. Gari zito kwenye kona ni hivyohivyo, tena linakula breki na tairi. Kwa hiyo toa zulia, redio, kiyoyozi. Weka mikanda ya ncha sita, kizima moto, pedi za breki za mbio, na difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Weka pia kamera ya ndani inayonasa sauti. Hiyo usiiache hata ikiwa na uzito wa ng'ombe.

Tao uliulizie mwisho kabisa.

Baba yako mkubwa,
Elikana


Pretoria
28 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Goti? Mama Mkubwa? Sisi salama, ila mume wangu anasema siku hizi nasaga meno nikilala.

Nimeagiza, na gari limekuja. Tulikaa na orodha saa mbili nzima. Nilipouliza redio alicheka: "Utasikiliza nini, taarifa ya habari kwenye kona?" Nilipouliza kiyoyozi: "Watu wa Mwanza bwana! Mmezoea sangara na mawe, kila kitu chenu kizito." Zulia tumetoa. Betri tumeweka ndogo, naibeba kwa mkono mmoja. Nilitaka kiti cha abiria kitoke, akakataa: "Nitakaa wapi nikikufundisha, mapajani?" Nikacheka naye. Nilicheka, Baba Mkubwa. Nilipofika nyumbani nilipiga mswaki mara mbili.

Kamera ipo. Wanafunzi wote wanarekodi masomo yao, hajali.

Uwanjani ananifundisha vizuri, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha tairi tu. Upepo unaupunguza mapema kwa sababu tairi ikipata moto unapanda wenyewe. Breki unakanyaga gari likiwa limenyooka, unaachia taratibu ukiingia kona. Hupiti mtu mpaka akuoneshe mkono.

Jumamosi alikuwa mbele kwenye gari lake. Mzunguko wa sita nilimfikia. Wa saba nilikuwa mgongoni kwake, akatoa mkono nipite. Nikainua mguu kwenye pedali ya mafuta. Niliinua kwa ajili yako, na nililia ndani ya helmeti.

Mwanao,
Angela


Rusimbi
12 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, goti ni lilelile.

Mguu ulioinua ndio umeshinda. Ungempita angeanza kukuchunguza. Sasa anakuona mwanafunzi mtiifu mwenye uchu wa kilo, na mwalimu hamfichi kitu mwanafunzi wa namna hiyo. Najua, maana nimekuwa mwalimu.

Muulize akiwa kwenye kiti cha abiria, mkienda. Mtu aliyefungwa mikanda ya ncha sita anaangalia kona, hapimi maneno yake. Wewe endesha taratibu, usimtishe. Akianza kusema, usimkatize hata ikikuchoma. Nyamaza mpaka amalize.

Martini, jirani yetu, anakuja huko Julai kumwona dada yake. Nitampa kifurushi. Usikifungue mpaka nikuambie.

Baba yako mkubwa,
Elikana


Pretoria
29 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Leo sitauliza mengi. Nimeinakili kutoka kwenye kamera kama ilivyo.

Mimi: Na hili tao, Profesa? Kilo ishirini na moja zote hizi. Nalo nilitoe?

Yeye: Hapo hapana, wakaguzi hawatakuruhusu kuingia. Ila kuna tao na tao.

Mimi: Kivipi?

Yeye: Lionekane lipo, dada yangu. Bomba jembamba, rangi ileile nyeusi. Nani atalikata aangalie ndani? Mimi nilifanya hivyo Kigoma, ujanani. Mwenzangu alikuwa mtu wa kupimapima, mshamba fulani, akachomelea tao kama la trekta. Alipokwenda mazoezi ya kwaya nikalibadilisha. Hata namba yake ya uzito nikaiandika upya kwa msumari, kumi na tisa, mwandiko wake uleule! Kilo kumi na mbili zikaondoka yeye hana habari. Gari lilikuwa linaruka.

Mimi: Hakugundua?

(Hapa alikaza mikanda yake.)

Yeye: Hakuwa na bahati yule. Kata kulia, umechelewa.

Nilikata kulia. Mbele kulikuwa na ukuta wa matairi na kiti chake ndicho kingetangulia. Nataka ujue kwamba niliuona ukuta ule vizuri sana, nikaupima kwa macho, nikaupita.

Amesema atanitengenezea langu. Nifanye nini?

Angela


Rusimbi
30 Juni 2024

Mwanangu,

Mwache alitengeneze. Usiliendeshe hata mita moja. Lile zito lihifadhi kwako, na siku ya ukaguzi lipeleke gari uwanjani juu ya tela.

Kifurushi kitakufikia tarehe kumi na nane. Kikifika, kifungue.

Elikana


Pretoria
22 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mkubwa. Kifurushi nilikifungua, mizani ya baba imefika salama.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini, asubuhi ya ukaguzi, watu wote wamejipanga na magari yao. Nilimwomba mkaguzi mkuu anishuhudie. Nikafungua boliti nne, nikatoa tao, nikalitundika kwenye mizani ya dagaa kwenye boriti ya banda. Nehemia alikuja akicheka.

"Dada wa Mwanza! Leo unatuuzia samaki?"

"Soma mshale, Profesa."

Mshale ulisimama kwenye tisa. Nikamwambia mkaguzi linalotakiwa ni ishirini na moja. Nehemia akaanza kueleza mambo ya aina za chuma, huku akiigeuza mizani mkononi kama mtu anayetafuta kosa la mizani. Akafika kwenye maandishi ya msumari nyuma yake: NDIZEYE, KIBIRIZI, 1996.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, "Umeipata wapi hii?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa."

"Ndiyo. Mimi ni Angela, binti yake. Ulikuwa ukiniletea karanga."

Nikaweka sauti ya kamera kwenye spika ya uwanja. Wale hawajui Kiswahili, kwa hiyo niliisimamisha kila sentensi nikawatafsiria, na yeye amesimama palepale, kwa sababu wateja wake walikuwa wamemzunguka. Nilitafsiri polepole. Nilichagua maneno. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Hakuna aliyepiga kelele. Walichukua spana. Magari kumi na moja pale yalikuwa kazi ya mikono yake. Saba yalikutwa na mabomba membamba. Yalitundikwa moja baada ya jingine, na mkaguzi akawa anasoma namba kwa sauti. Mama mmoja daktari, ambaye mwanawe alikuwa akiendesha moja ya hayo saba kila mwezi, alimwendea Nehemia, akamvua ile kofia nyekundu ya Profesa, akaitundika kwenye mizani. Mshale haukusogea.

Polisi wamefungua faili. Uwanja umemfungia, na viwanja vingine vimepelekewa jina lake.

Walipomwondoa nilifunga lile tao zito nililokuja nalo, nikaendesha mizunguko kumi. Hakukuwa na mtu mbele yangu.

Nakutumia nakala ya sauti. Isikilizwe kanisani.

Mwanao,
Angela


Rusimbi
18 Agosti 2024

Mwanangu Angela,

Marahaba. Mama yako mkubwa hajambo. Goti nimeacha kulihesabu.

Jumapili iliyopita, tarehe kumi na moja, Mchungaji Yona alinipa mimbari. Nilisoma maneno ya Nehemia yote, na kanisa lilisikia sauti yenyewe. Jina la Ndizeye limerudishwa. Kwaya ilikwenda makaburini ikaimba nyimbo zote ambazo hakuimbiwa. Wazee waliolia ndio walewale waliokuwa wakigeuza shingo alipobebwa kupita.

Kisha nilisoma karatasi ya pili, ile ya kumtenga. Ina mwandiko mzuri, ulionyooka. Ni wangu. Nilikuwa katibu wa kanisa mwaka ule, na maneno "kwa ulevi uliothibitika" niliyatunga mimi. Hukuwahi kuambiwa, na mimi nilikulea nikijua kwamba hujui.

Nimependa kueleza mambo maisha yangu yote, basi nieleze na hili. Kitandani alinishika mkono akaniambia, "Kaka, lilikuwa kilo kumi na tisa." Nikamjibu kama mwalimu wa ufundi, "Chuma cha kilo kumi na tisa hakilali hivyo, Ndizeye. Usinidanganye." Kuhusu chuma nilikuwa sahihi. Tao lile lililolala lilikaa uani kwangu miezi mitatu, na mizani ilikuwa ikining'inia kwenye msumari jikoni. Ni hatua kumi na mbili. Sikulipima. Nilikuwa nimenusa shati. Baadaye nililitoa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Uliponiandikia Machi, nilijua kwamba yeyote atakayemfungua Nehemia mdomo ataufungua na wangu. Nilitaka aanguke yeye kwanza, nishuhudie, kisha mimi.

Nimeomba nitengwe. Wamesema mimi ni mzee, yamepita. Nimekataa. Leo nimekaa benchi la nyuma.

Baba yako mkubwa, ukiridhia kuniita hivyo,
Elikana


Pretoria
3 Novemba 2024

Mzee Elikana,

Barua yako niliisoma mara moja.

Miezi miwili na nusu nimekuwa nikitafuta la kukufanyia, na kila nililolipata ulikuwa umekwisha kujifanyia mwenyewe. Hilo nalo limenikasirisha. Umenifundisha kusubiri mpaka mtu ajifungue mdomo mwenyewe, na mimi sikujua kwamba nilikuwa nimekaa mbele ya wawili.

Baba alikaa benchi lile miezi kumi na minne. Wewe umeanza tarehe kumi na nane Agosti. Utamaliza tarehe kumi na nane Oktoba mwakani. Usiimbe. Wakikuonea huruma wakakutoa mapema, Mama Mkubwa ataniambia.

Mizani sikurudishii. Nimeitundika jikoni, kwenye msumari.

Ukimaliza, niandikie. Anza na goti. Nitajibu.

Angela,
binti wa Ndizeye