Kadi Yako Imepita, Mama

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Asha mdogo wangu, msomee mama polepole, wala usiruke panapokusema wewe mvivu wa kuandika. Mama, mguu umepona? Ngedere wamekuachia mahindi yoyote? Mimi mwili ni mzima, ila roho imebanwa.

Umeniuliza kama nitakuja kusimama nawe siku ya kupimiwa mashamba katika kijiji kipya. Kwanza nikueleze kazi yangu, maana najua unawatangazia watu wa Kimamba kwamba mwanao anaendesha kompyuta. Siendeshi. Ina chumba chake chenye baridi, na wanaingia wanaume tu. Sisi wanawake tuko chumba cha pili, tunatoboa kadi kutwa, kila kaya kadi yake, na yale matundu ndiyo maandishi inayosoma kompyuta. Nikimaliza, mwenzangu Tatu anairudia kadi ileile kwenye mashine yake. Tukitofautiana, mashine inagoma.

Juzi zikaja fomu za kwetu Kilosa. Kompyuta ikawa inatema kadi rundo zima. Nikazikagua: zote za wajane. Waliotunga maelekezo yake waliiambia mkuu wa kaya ni mwanamume, basi. Akitokea mwanamke, ni kosa. Yako ilikuwemo, mama. Na orodha itakayotoka humu ndiyo ya kugawia mashamba.

Msimamizi wetu akasema, "Zote pigeni 'mwanamume', twende mbele."

Nilipiga. Nilikufanya mwanamume kwa mkono wangu, na niliona aibu sana. Tatu alipoirudia kadi yako, mashine ikagoma.

"Fomu imesema mwanamke," akaniambia. "Mimi simbadilishi mama wa mtu."

Hapo hasira zikanipanda. Hayo maelekezo nayo yako kwenye kadi, na nani aliyezitoboa? Sisi. Nikaitafuta kadi yenye kosa, nikatoboa nyingine, nikampa msimamizi aipeleke ndani. Kadi nilizozigeuza nikazitoboa upya, yako ikiwemo: mwanamke. Kabla ya chakula cha mchana wajane wote walikuwa wamepita. Msimamizi alipoulizwa na mkubwa wake, alijibu amerekebisha yeye.

Nikaomba ruhusa nije. Akacheka. "Ukiondoka kadi zikagoma tena, nani atajua pa kushika?"

Mbele ya wakubwa sijui kitu. Nikiomba ruhusa, najua kila kitu! Mlango wetu unafungwa kwa ufunguo mpaka saa ya kutoka, eti kulinda siri za serikali. Treni ya bara ikipiga honi nasikia nikiwa kitini, vidole vinaendelea kupiga. Nimechoka, mama.

Siji. Nenda na Asha. Wakikuuliza mkuu wa kaya yuko wapi, usitafute mwanamume wa kuwaonyesha. Waambie watazame orodha.

Nisalimie mjomba wa Mikumi, shangazi anayeuza vitumbua stesheni, na ustadhi aliyenishikisha kalamu. Tatu anakuamkia.

Kadi yako imepita bila kugoma, mama. Aliyeitoboa ndiye aliyekwama.

Mwanao,
Mwajuma