Nyani Walionizoea

Kaloleni, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na yale magoti yawe yamekupa nafuu. Je, mvua zimefika huko Iramba, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, Mama. Sikufichi. Na wewe Tatu, mdogo wangu unayemsomea Mama, soma yote bila kuruka, hata panapokuchekesha.

Uliniuliza kama ni kweli wanayosema watu hapo kanisani, kwamba tangu tulipopunguzwa kiwandani nimeajiriwa kuokota mavi ya nyani. Ni kweli. Naondoka hapa alfajiri, napanda hadi ukingo wa msitu wa Meru, nawasubiri washuke kwenye miti waliyolala, kisha nashinda nao. Akijisaidia mmoja, naandika ni nani, natia kidogo kwenye kichupa. Bosi wetu, mama mmoja mtafiti kutoka ng'ambo, anasema hofu na mashaka ya mnyama huonekana humo, hata kama usoni hajaonyesha. Nilimwambia basi na yangu ayapime. Alicheka, lakini hakuyapima.

Kazi yenyewe ni kuzoeana. Mwanzoni walinikimbia kama walivyokimbia watu wote. Nikawa nakaa mbali, simkazii yeyote macho, maana kwao kumkodolea mwenzio macho ni kumtafutia ugomvi. Sikubeba chakula, sikuinua fimbo. Bosi alituambia siku ya kwanza kabisa: anayerusha jiwe hana kazi. Basi ikawa hivyo, masika kwa kiangazi, hadi wakawa wananipita miguuni kana kwamba mimi ni kisiki.

Ungewapenda, Mama. Mabinti hawahami. Wanabaki na mama zao na kurithi heshima yao, hata mtoto mdogo wa mkubwa akipita, watu wazima wanampisha. Madume ndio huondoka wakikomaa, wakaingia kundi la wageni na kuanzia chini kabisa, wanafukuzwa huku na huku. Siku ninapokukumbuka sana huwa nawatazama hao. Na alikuwepo jike mmoja niliyemwita Shangazi, kwa sababu watoto wote wa wenzake alitaka kuwapakata yeye. Akimkaribia mzazi aliguna taratibu, mm, mm, mm. Ndiyo hodi yao, maana yake sina ubaya. Baadaye naye akapata wake. Siku moja alipita karibu yangu na mtoto kifuani, akanigunia mimi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo.

Sasa sikia taabu iliyonipata. Huku bei ya kahawa imeanguka tangu soko liachiwe huria, na watu wameng'oa mibuni wakapanda mahindi hadi kwenye ukingo wa msitu. Kahawa nyani hawakuisumbua sana. Mahindi, unawajua mwenyewe. Na makundi mengine mlinzi akipiga kelele tu yanatimka, lakini kundi langu halitimki. Mtu akija na panga wanamtazama, wanaendelea kumenya.

Hivyo ndivyo alivyokufa Shangazi. Mzee Anaeli, mkulima ambaye shamba lake linapakana na msitu, mtu mwema aliyenikaribisha jikoni kwake mara nyingi nikiwa nimelowa chapachapa, alimkuta katikati ya mahindi yake. Alinisimulia mwenyewe, ameketi kizingitini, hanitazami.

"Mimi nimefukuza nyani tangu utoto wangu. Huyu hakukimbia, kijana. Nilimwendea, akaniangalia, akafanya mm, mm, kama mtu anayebisha hodi. Nilikuwa nimeshainua panga."

Niliketi chini kando yake, naye akauliza:

"Ni nyani wa namna gani hawa umetuletea?"

"Sikuwaleta, Baba. Niliwazoesha tu."

"Basi wazoeshe tena kuogopa. Wenzangu wamekubaliana kuweka sumu. Nimewaomba wakungojee kidogo, kwa sababu wewe ni kama kijana wangu. Lakini hawatangoja sana, na mimi siwezi kuwalaumu. Wana watoto."

Bosi yuko kwao ng'ambo. Nilikwenda posta kumpigia simu, sikumpata. Nilirudi chumbani nikajilaza na viatu vyangu, nikijua hakuna wa kumuuliza. Jumatatu nikapanda mlimani na mfuko wa mawe.

Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kurusha kombeo shambani kwetu, unaujua mkono wangu. Jiwe la kwanza lilimpata dume aliyekuwa ameketi karibu yangu anajikuna. Hakukimbia. Aligeuka huku na huku kumtafuta aliyerusha. Mimi hakunidhania. Nikaona heri niache. Halafu nikarusha la pili akiniangalia.

Nimerusha wiki nzima, napiga makelele kama mwendawazimu, jioni narudi sina hata hamu ya kula. Leo asubuhi nilipotokea tu, dume mmoja alibweka, wahu! na kundi zima likapanda msituni. Mtoto wa Shangazi sasa analelewa na mama yake mdogo. Alimrukia huyo mama mdogo mgongoni, akapiga yowe aliponiona. Mzee Anaeli alikuwa amesimama kwenye mahindi, akaniambia nimefanya vizuri. Nililia mbele yake, Mama, mtu mzima mimi.

Bosi akirudi nitamweleza yote, na kazi itakuwa imekwisha. Huenda mkaniona huko kabla ya mavuno, huenda nikatafuta kwanza kibarua hapa mjini, Daraja Mbili. Sijui. Nimechoka hata kufikiri.

Nisalimie Mjomba mchunga ng'ombe na shemeji yangu fundi cherehani. Bibi, aliyenilea ulipokuwa ukilima, mpe shikamoo yangu mkono kwa mkono. Wanakwaya wanaonicheka waambie mavi ya nyani hayana ubaya, nimeona mabaya kuliko hayo.

Na uniombee. Usiombe bosi anihurumie. Niombee tu wale nyani wasinisamehe upesi.

Ni mimi mwanao,
Yona