Mbegu Kumi za Candiru

Candiru,

Naenda Koboko kwa shangazi yako. ~~Nitarudi kesho.~~ Ningojeni Jumapili. Muhogo iko kwa sufuria, uipashe moto umpe baba yako.

Asubuhi darasani nimekugombeza kwa sababu umeandika kwa daftari ya sayansi, “Mbegu zote kumi zimeota,” na kwa kopo ulilopandia hakuna hata moja imetoka. Ukanijibu polepole, “Lakini mama, ndivyo uliandika ubaoni.”

Ni kweli. Kila mwaka naandika matokeo kabla darasa halijapanda, ili mkaguzi akute daftari zimejaa.

Futa hiyo kumi. Andika ulichoona: hakuna. ~~Nitakupa maksi zote.~~ Maksi sitaweza kukupa. Mtihani wa muhula unataka jibu la kumi, na nimeshautunga mimi mwenyewe.

Mama